Swali la Kumi na Nne

Dodoso langu lina maswali ishirini na saba.
Nilitoka nalo chuoni likiwa na muhuri,
nikashuka nalo Nachingwea, vumbi la njia nzima kwenye kola,
nikapewa kiti pembeni mwa kompyuta tatu za maktaba:
moja nzima,
moja inataka kubembelezwa,
ya tatu wameifunika kitambaa cha meza, haiulizwi.
Kazi yangu ni kuuliza tu:
ulitafuta nini, ulikipata?

Siku ya kwanza watu walitafuta
dawa ya ubwiriunga,
bei ya korosho mnada wa jana,
mkopo wa chuo unaombwaje.
Kijana mmoja, akiziba kioo kwa kiwiko:
namna ya kumwandikia mtu aliyenuna.
Nikajumlisha, nikagawanya.
Asilimia sitini na nane wameridhika.
Dakta Mkwinda, msimamizi wangu, akajibu kwa simu:
Safi. Songa mbele.

Siku ya nne akaingia Bi Somoe Nambunga,
kanga imelowa mvua, mkononi mfuko wa ming'oko.
"Naambiwa vitabu vya mishahara ya reli mmeviingiza humo."
Tumeviingiza, mama.
Kurasa elfu mbili na ushei
zimepigwa picha, zimesomwa na mashine, sasa zinatafutika.
(Neno hilo nalipenda. Nimelitumia mara tisa katika pendekezo la utafiti.)
Nikaandika jina la baba yake, herufi kwa herufi,
yeye akinisimamia kama mwalimu wa imla.
Mashine ikawaza.
Matokeo: 0.

Hakushtuka. Reli yenyewe iling'olewa,
atashtukia sifuri?
"Genge la saba," akasema, "wabeba mataruma.
Walilipwa Jumamosi. Nifungulie Jumamosi."

Tukafungua Jumamosi.
Tukafungua nyingine, na nyingine,
kwa macho, kwa ukucha chini ya mstari,
kama watu wachambuao mchele,
hadi karibu na adhuhuri, ukurasa wa 1141,
mwandiko wa karani mwenye maringo,
kila g ina mkia wa kujionyesha:
Nambunga, Issa. Siku sita.
Na pembeni, mahali pa sahihi,
dole gumba.

Bi Somoe akaweka lake juu ya kioo, juu ya lile.
Hakusema kitu. Nami sikuwa na swali la kuuliza hapo.

Baadaye nikachungulia chini ya picha
nione mashine ilisoma nini.
Ilisoma Narnbunqa.
Mkia wa g umeipotosha, m imepasuka vipande viwili.
Mtu wa jina hilo hajapata kuzaliwa.
Nani angemtafuta?

Swali la kumi na nne:
Je, ulipata ulichokitafuta? Ndiyo. Hapana.
"Tiki naiweka wapi?" akauliza. "Yumo, na hayumo."
Akataka nimsomee tena. Nikamsomea tena.
Akashika kalamu, akatia tiki katikati ya visanduku viwili,
penye weupe,
akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka.
Akaniachia ming'oko mitatu. Nikaila bila chumvi.

Dakta akasema: jibu batili, liondoe.
Nimeliondoa.
Asilimia imebaki sitini na nane, haikutikisika hata kidogo.

Ila jioni, Fadhumuni akishafunga madirisha,
huniachia ufunguo na ile kompyuta ya kubembelezwa.
Naanza ukurasa wa kwanza. Nasoma picha, nasoma maandishi,
nafuta rn, naandika m.
Hakuna anayenilipa, na sehemu hii haimo kwenye tasnifu.
Umeme ukikatika nasubiri.

Nimefika ukurasa wa themanini na sita.
Leo nimemrudishia m yake mtu aitwaye Malibiche,
siku nne, hakufika Alhamisi wala Ijumaa,
sababu haikuandikwa.