Masharubu ya Risiti

La kwanza nililikuta Jumatano, juu ya shuka,
jeupe, gumu kidogo, kama uzi wa nailoni
uliokatika kwenye cherehani.
Nikalitia ndani ya kopo la vifungo.
Daktari Atuhaire alikuwa ameshaniambia:
manyoya hayatamwisha, Mama Akurut,
paka si kama sisi. Ila masharubu, huenda.

Tororo nzima inajua nina wazimu.
Owori, muuza simenti, alinihesabia kwa vidole:
nauli ya Kampala kila wiki tatu,
sindano, kipimo cha damu, kikapu chenye mfuniko.
"Kwa pesa hiyo, dada, ungepata mbuzi wawili
na paka mwingine wa bure."
Hesabu yake haina kosa.
Kosa liko kwangu.

Siku ya pili baada ya sindano
anakuja kwenye sahani mkia juu,
ananusa mukene niliowachemsha bila chumvi,
anaramba midomo, anameza mate, anameza tena,
kisha anageuza uso, polepole, kwa adabu,
kama mgeni aliyekula kwao.
Ndicho kichefuchefu cha paka. Hakina kelele.
Asiyejua atasema ameshiba.

Nawapasha tena mukene ili harufu iamke.
Napaka mchuzi kidoleni. Akiramba mara tatu
naandika tatu, katika daftari la wateja,
kati ya kiuno cha Nyachwo
na mabega ya mwalimu wa kwaya.

Siku ya nne, kuhara. Navaa glavu,
maana dawa hutoka na uchafu wake;
mchanga naufunga mifuko miwili.
Siku ya saba chembe nyeupe zimeshuka,
homa yaweza kuja ikinyata,
basi masikio yake nayagusa asubuhi na jioni
kama mtu anayepima pasi kabla ya hariri.

Simtoi nje. Anakaa dirishani kuelekea Mwamba,
anatazama mwewe wakizunguka kileleni
na taya linamtetemeka kwa hamu.
Hamu nayo naiandika.

Okiror ndiye aliyemkuta, akiwa kama ngumi,
amelala ndani ya boksi la risiti za duka.
Okiror alikuwa na ulimi. Angeweza kusema.
Miezi mitano wodini alisema: Sijambo.
Alisema: Uji mtamu. Alisema: Nenda ukalale.
Kuku wa karanga alimla vijiko sita mbele yangu,
na ni muuguzi aliyenionyesha, baadaye, beseni.
Kumbe kila kitu kilikuwa na ladha ya misumari.

Risiti hajui kunificha.
Akikataa, amekataa.
Sijui kama hilo ni jambo la kushukuru
lakini nashukuru, nikiwa nimepiga magoti
na sahani mkononi, saa tisa ya usiku.

Siku hizi gizani hukosea upana wa mlango.
Hugonga bega, husimama,
kama mtu aliyesahau neno alilotaka kusema.
Nimeanza kuacha milango yote wazi.

Jana mteja alitafuta kifungo cha pembe,
akafungua kopo. Yalikuwa kumi na moja.
"Uzi gani huu, mama? Mbona mgumu hivi?"
Nikamwambia hauuzwi,
nikapokea kopo, nikaendelea kukunja pindo lake.