Vidole vya Kinyonga

Nililipa karo kwa noti zenye vumbi la saruji,
nikanunua madaftari mawili, penseli, kifutio,
nikamwambia Masereka: kaa kitako, tazama ubao.

Jioni akarudi na matope hadi magotini,
daftari jeupe kama lilivyotoka dukani,
na mfukoni konokono, mzima.

Kesho yake nikapanda kilima, hasira ikinitangulia.
Ukungu wa Rwenzori ulikuwa bado umelala mabondeni.
Darasani hamna mtu. Madawati yamenyamaza
kama wazazi wanaodaiwa.
Nyuma ya jengo, katikati ya mibuni,
Mwalimu Ithungu amechutama, sketi kaikunja,
na watoto kumi na tisa wamemzunguka, kimya,
kimya ambacho sauti yangu nyumbani
haijawahi kukipata.

Tawini, kinyonga wa pembe tatu.

Sisi tulikua tukimkimbia huyu.
Mama yangu akimkuta njiani aliahirisha safari.
Nikanyoosha mkono nimvute mwanangu,
mkono ukaishia hewani, maana alikuwa anahesabu,
yeye ambaye akiulizwa umri
hujificha nyuma ya kanga ya mama yake:

"Mguu wa mbele, viwili nje, vitatu ndani.
Wa nyuma kageuza! Vitatu nje, viwili ndani.
Mwalimu, kote ni vitano!"

Mwalimu hakumsifu. Aliuliza tu, "Una hakika?"
Naye akainama tena, akaanza upya,
polepole, mwendo wa yule anayemhesabu,
jicho moja la mnyama likimtazama yeye,
la pili likinitazama mimi.

Nilishuka bila kusema nililojia.
Sikubadilika siku ile, nisidanganye.
Fedha ni fedha, na hata sasa naona
lile daftari lingeandikwa angalau jina.

Ila usiku, nikinawa, Masereka alinishika kiganja,
mistari yake imejaa kiwanda, haitakati kwa sabuni.
Akavigawa vidole vyangu: viwili huku, vitatu kule,
akavibana, akavitazama kwa makini ya fundi.
"Baba, hata wewe ungeshika tawi."

Nikamwambia akalale.
Nikazima taa. Nikakaa kitandani gizani,
viwili huku, vitatu kule,
nikijaribu.