Taa ya Vifaranga

Mwezi wa nne, Magomeni Mapipa.
Chumvi inalia ndani ya kopo.
Njiti ya kiberiti inachubuka kichwa, haiwaki.
Shati nililoanika Jumatatu
mpaka Alhamisi linanuka uvundo.

Nikaitoa lenzi ya marehemu baba,
nikaielekeza dirishani, jicho moja nimelifumba,
na ndani ya kioo nikaona
mzizi.
Mweupe, mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
umeota pasipo udongo,
umejitandaza kama Mbagala inavyojitandaza,
bila ramani, bila kumuuliza mtu.

Fundi Mwinshehe ana chumba Kariakoo,
juu ya duka la vitenge.
Kabla hajaitazama lenzi aliunusa mkoba.
"Ngozi," akasema. "Ngozi hunywa maji.
Kuvu huila ngozi, ikishiba huhamia kwenye kioo.
Mwizi umelala naye chumba kimoja, dada,
na funguo umempa wewe."

Nikamwambia nilijitahidi:
wiki nzima niliilaza kwenye ndoo ya mchele.
Alicheka hadi akaiweka bisibisi chini.
"Mchele wa wapi?"
"Kyela."
"Wa Kyela! Si ungeupika tukala?
Umeniletea vumbi la wanga kwenye pete zote."

Akafungua pete moja, ya pili, ya tatu,
akazipanga juu ya kanga kuukuu kwa mfuatano wake,
akafuta kwa pamba na spiriti,
kuanzia katikati kwenda nje, taratibu,
kama mtu anayemfuta mgonjwa uso.
Mzizi ukatoka.
Njia yake ikabaki,
pale kuvu ilipoula utando wa kioo.
"Hiyo haitoki. Itaona,
ila itaona kama mtu aliyetoka kulia."

Masika mazima nilikuwa nimepiga harusi kwa jicho hilo.
Kila bibi harusi alizungukwa na weupe,
kila taa ya ukumbini ilivaa kilemba,
nami nilidhani nimekua kikazi.
Wiki iliyopita Bi Siwatu wa Tabata amerudi
na picha za bintiye wa pili, nilizopiga kwa lenzi mpya.
Amezitandaza mezani, kimya kirefu.
"Zile za mwanzo zilikuwa na nuru," akasema.
"Hizi zina mimi tu."

Sasa nina kabati la vyombo lisilo na vyombo.
Wauza viatu wa Karume wananiwekea
vile vifuko vilivyoandikwa usile;
chembe zake zikilewa maji
nazikaanga kwa moto mdogo, kikaango cha peke yake,
nazirudisha zikafanye kazi.
Balbu ndiyo ilinisumbua.
Za siku hizi zina mwanga, hazina joto.
Duka la nane nikaelekezwa kwa mfuga kuku:
akanipa moja, ya kizamani, ya kuatamia vifaranga.
Inawaka chini ya rafu, usiku kucha,
na Luku inahesabu.

Umeme ukikatika naamka.
Sijui kwa nini naamka; hakuna ninaloweza kufanya.
Natia mkono kabatini gizani,
nausikia uvuguvugu unavyoondoka,
na mvua juu ya bati haijali.

Ya baba sikuiweka humo.
Iko ndani ya kopo la biskuti, dirishani, peke yake.
Kukiwa na jua naitoa, naipigia picha moja, chochote:
ndoo, paka, waya wa jirani.
"Ukiifungia imekufa," fundi aliniasa. "Itumie."

Jana saa tisa usiku mama mwenye nyumba akagonga.
Ameona mwanga chini ya mlango siku ya kumi hii,
na bili ya mita tunachangia.
Nikamwambia ni taa ya vifaranga.
Uongo mdogo; usingizi ulikuwa mwingi.

Akasimama, khanga kichwani, akifikiri.
"Wangapi?"
"Watatu. Na mmoja mgonjwa."
"Huyo," akasema akigeuka kwenda zake,
"usimchanganye na wenzake."