Chanzo Kimoja

Saa nne usiku Bwana Hasnain hufunga hesabu,
huzihesabu sarafu mara mbili, hunikabidhi kufuli,
husema, "Ndahani, zima zote."
Nazima saba.
Ya nane, ya pembeni, naifunika kioo kwa koti langu
ili mwanga usionekane barabarani.

Ulikuwa mwaka ule wa vumbi jingi,
laini ya simu ikikohoa kila upepo ukishuka Mlimwa.
Nilikuwa na programu ile (wa rika langu mnaijua),
unaandika jina la wimbo, unangoja,
na watu usiowajua, wamelala miji usiyoijua,
wanakufungulia makabati.
Hivyo nilijaza sidii za vijana wa Chang'ombe:
shilingi elfu moja, nyimbo kumi na tano,
dansi la zamani, rege, kwaito,
na mmoja, kila mara, uliokatika katikati
kwa sababu umeme, au mwenye nao, aliondoka.

Siku moja, kwa uvivu tu, niliandika: muheme.
Likaja jibu moja.
"Ngoma za mvua, Uganda, 07."
Chanzo kimoja.

Uganda! Nikacheka peke yangu Uhindini.
Nikabofya.

Usiku wa kwanza, asilimia nne.
Wa pili, sita. Wa tatu hakuwapo.
Nilianza kumjua mtu yule kwa kutokuwapo kwake:
Jumapili hawashi. Alhamisi hukesha.
Nilimwombea afya, haki ya Mungu,
nilimwombea asinunue kompyuta mpya.
Kwetu, moto ukizimika, mtoto hutumwa na kigae,
hupewa kaa moja, hukimbia nalo akilipuliza,
na moto wa jirani haupungui.
Lakini jirani ana uso. Hukuuliza mama hajambo?

Siku ya thelathini na mbili, saa nane usiku,
mstari ukajaa.
Kwanza jogoo. Mtu akikohoa.
Mgeni akisema "tayari" kwa Kiswahili cha kuokoteza.
Kisha ngoma zile zinazobanwa mapajani,
kisha sauti ya kuanzisha,
sauti iliyoniamsha kwenda shule miaka saba.
Shangazi Sechelela.

Jumamosi nilikuwa Mvumi na redio ya kuazima, betri sita.
Aliacha kupepeta uwele.
Alisikiliza kichwa kimeinama, kama anayesomewa deni.
"Anayechelewa pale ni Mbeleje," akasema.
"Siku zote alichelewa. Amekufa, bado anachelewa."
Akacheka hadi machozi, au alilia hadi kicheko, sikuelewa.
Kisha: "Huyu aliyekupa, ulimlipa?"
"Hapana, shangazi. Kule hakuna anayelipa."
"Na sisi, alitulipa?"
"Sijui."
"Na zile unazowauzia vijana?"
Betri zikaanza kuchoka,
sauti yake ya ujana ikazama, ikawa ya mwanamume.
Sikujibu. Akaurudia ungo wake.

Mjini nikafuta neno Uganda.
Nikaandika: Sechelela Malogo na wenzake, Mvumi.
Nikaongeza: Mbeleje anachelewa.
Nikaliacha faili mlango wazi,
koti juu ya kioo, luku ya Bwana Hasnain ikiliwa taratibu.

Siku ya nne, saa tisa usiku, mtu akaja kuchota.
Kipande. Kipande.
Sikujua yuko wapi,
wala kwake ni alfajiri au magharibi.
Alipofika asilimia tisini na sita
umeme ukakatika Dodoma nzima.

Nilikaa gizani, kufuli mkononi,
nikijua kwamba sasa ni mimi,
mahali fulani,
ninayeombewa afya.