Herufi Nane

Bogumiła hakununua rangi.
Alikwangua kuvumwani kwenye paa la kibanda cha baiskeli
kwa kijiko cha supu, magoti juu ya gazeti,
akaisaga na mtindi, na sukari kidogo,
katika blenda ile ile ya keki za Krismasi.
Jikoni kukanuka kidimbwi.
Halszka akacheka: "Uji huu atakunywa nani?"
"Ukuta. Ukuta una njaa."

Saa nne usiku, Oktoba, jijini Łódź,
wanawake wawili, miaka mia na hamsini na tatu kwa jumla,
wakashika brashi za kupakia siagi
mbele ya kiwanda walichofumia shuka ujana wao wote,
kiwanda kilichowapa kiinua mgongo kiduchu
na uziwi, kila mmoja sikio lake.
Wakaandika, kila herufi kimo cha mtoto:
JESTEŚMY.
Yaani, tupo.

Asubuhi kijana wa manispaa akaja na bomba la maji.
Akatafuta. Aliona madoa meupe tu,
kama mtu amemwaga kifungua kinywa.
Akajaza fomu, akaondoka.
Mvua ikaingia zamu, bila kudai posho.

Kuvumwani haina mizizi wala haraka.
Machi ndipo J ilipopata kijani, kisha E,
S ikaumuka kama mkate.
Halszka hakuiona. Tulimzika Februari,
ardhi ngumu hata wachimbaji wakawasha moto kwanza.

Na zile mbili za mwisho hazikuota.
Pale mkahawa mpya unapopulizia joto lake
M na Y zilikauka, zikabanduka kama magamba.
MY, kwa lugha yetu, ni "sisi."
Sisi ndiyo tuliyoifagia na majani makavu.
Kilichobaki ukutani, kibichi, kina umande,
ni JESTEŚ.
Upo.

Ziemowit, mjukuu, akasema: "Bibi, tuzirudishie.
Mtindi umejaa friji."
Bogumiła alikuwa ameshachovya brashi.
Akaipangusa, polepole, kwenye ukingo wa bakuli.

Mle ndani, zamani, mitambo iliponguruma
hakuna aliyepoteza sauti yake bure;
Halszka aliinua uso ng'ambo ya nyuzi
akauliza kwa midomo tu:
Upo?

Bogumiła akautazama ukuta.
Midomo yake ikasogea.
Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika ndoo,
sikusikia kitu,
lakini nami nilifuma humo miaka tisa:
Nipo, alisema. Nipo.