Pengo la Pembeni

Idar, karakana ya Gernot, mvua dirishani.
Yakuti samawati, karati tatu na robo:
kingo zimelika kama sabuni,
uso umefifia kwa miaka ya masufuria.

"Nikiichonga upya, karati nzima itakuwa tope."

"Chonga," anasema Ottilie. "Ila pengo hili,
mama aliigonga jikoni
siku baba aliporudi kutoka vitani,
hili niachie."

Gurudumu linasaga, maji yanachuruzika meupe.
Tumbo la jiwe linapewa pembe mpya;
mwanga uliokuwa ukivujia chini
unageuka njiani,
unarudi machoni.

Kizuri hakikosi ila.
Hii Gernot kaibakiza
kando ya ukucha wa dhahabu.
Kidole gumba cha Ottilie
hakikuuliza njia.