Sahihi

Mvua ya Temuco haikatiki. Eleuterio Curihual
yuko foleni tangu alfajiri. Mkono wa kulia
unaishia kwenye kifundo, ndani ya soksi ya mwanawe.

Dirishani kuna jedwali: kidole gumba, bei yake.
Cha shahada, bei yake. Cha mwisho, nusu.
Kiganja kilichosukuma misonobari
miaka kumi na tisa
hakina mstari.

"Tia sahihi hapa."
Anatia, kwa kushoto. Herufi zimejikunyata
kama kuku walionyeshewa.

Karani anafunua mkataba wa zamani, analinganisha,
anasukuma karatasi nyuma.
"Hii si sahihi, bwana.
Aje aliyetia ile."

Eleuterio anakohoa vumbi la mbao.
"Yuko kiwandani bado,
chini ya msumeno.
Mwiteni."